Lev Vygotsky: Msomi Aliyesomwa Baada ya Kufa

Mwanafunzi wa ualimu wa lugha anayeandika tasnifu kuhusu ujifunzaji huwa hakosi kulitaja jina la Lev Vygotsky. Mara nyingi hulitoa katika kitabu cha mtu mwingine, naye mtu huyo kalitoa kwa mwingine. Inafaa basi tumtazame mwenyewe.

Vygotsky alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Orsha, Belarus ya leo, akalelewa Gomel katika familia ya Kiyahudi. Enzi hizo utawala wa Urusi uliwatengea Wayahudi asilimia 3 tu ya nafasi katika vyuo vikuu vya Moscow, na mwaka 1913 nafasi hizo zilipigiwa kura. Kura ilimwangukia. Alisomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika fasihi. Mnamo 1916 alikuwa amekwisha kuandika uhakiki wa tamthilia ya Hamlet. Wanaodhani kwamba mwanafasihi hana la kuchangia katika saikolojia na wamkumbuke.

Baada ya masomo alirudi Gomel kufundisha. Januari 1924 alihutubia kongamano la wanasaikolojia mjini Petrograd, na hotuba hiyo ikamfungulia mlango wa Taasisi ya Saikolojia ya Moscow. Huko alishirikiana na Alexander Luria na Alexei Leontiev. Kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kumvamia, na miaka 10 iliyofuata aliandika kama mtu anayekimbizana na machweo.

Mchango wake unaotugusa zaidi sisi watu wa lugha unahusu mtoto anayejisemea peke yake. Jean Piaget aliuona usemi huo kuwa dalili ya mtoto kutoweza kujiweka katika nafasi ya mwenzake, nao hufifia kadiri anavyokua. Vygotsky alipinga. Aliwawekea watoto vikwazo katikati ya kazi, kwa mfano kuwanyima karatasi au penseli waliyohitaji, akaona kwamba kujisemea kuliongezeka karibu maradufu. Kwa hiyo mtoto alikuwa akitumia lugha kutatua tatizo. Usemi huo, kwa hoja yake, haufi. Huingia ndani na kuwa fikra.

Dhana yake nyingine ni ukanda wa ukuaji wa karibu. Chukua watoto wawili ambao mtihani umewaweka sawa katika kiwango cha miaka 8. Wakisaidiwa kidogo, mmoja hutatua maswali ya miaka 9, mwenzake ya miaka 12. Je, wako sawa? Mtihani unaopima lile ambalo mtoto amekwisha kuliweza humwacha mwalimu gizani kuhusu lile lililo karibu kuiva. (Istilahi ya jukwaa la mwashi, ambayo wengi wetu humbandika Vygotsky, ni ya Wood, Bruner na Ross, mwaka 1976.)

Alifariki Juni 1934, akiwa na miaka 37. Kitabu chake kikuu kuhusu fikra na lugha kilitoka baadaye mwaka huo huo. Miaka miwili baadaye, Julai 1936, chama tawala kilitoa amri ya kupiga marufuku taaluma ya uchunguzi wa watoto aliyohusishwa nayo, na kazi zake zikawekwa kando kwa takriban miaka 20. Kitabu hicho kilichapishwa upya mwaka 1956, kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1962.

Mkusanyo wa 1978 uliohaririwa na Michael Cole na wenzake ndio uliomfanya arejelewe kila mahali. Cole alikuwa amefanya kazi na Luria mjini Moscow, kisha akachunguza ujifunzaji wa hesabu miongoni mwa Wakpelle wa Liberia. Hata hivyo, wahariri waliunganisha na kufupisha maandishi ya nyakati mbalimbali, hivi kwamba anayekinukuu kitabu hicho huenda ananukuu mshono wao. Katika orodha ya wanasaikolojia mashuhuri wa karne ya 20 iliyotolewa mwaka 2002, Vygotsky alikuwa wa 83, ilhali kazi yake ya saikolojia ilidumu kama miaka 10 tu.

Piaget, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1896, aliusoma ukosoaji huo ulipotafsiriwa. Mwaka 1962 aliandika maoni yake, akakubaliana na sehemu kubwa ya hoja kuhusu usemi wa ndani na kusikitika kwamba alichelewa kuifahamu kazi hiyo. Aliyekuwa akijibiwa alikuwa kaburini kwa miaka 28.