Bwana Msa na Aliyemzaa

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwetu sisi walimu wa lugha, hata huku Kericho na Bomet tunakofundisha katikati ya mashamba ya majani chai, kwamba riwaya ya upelelezi ni kitu cha kupumzishia akili tu, na kwamba fasihi yenyewe, ile inayostahili kutahiniwa, iko kwingineko. Dhana hii imemnyima haki yake mtu mmoja ambaye, nionavyo mimi, aliitendea nathari ya Kiswahili jambo ambalo ni wachache waliolitenda. Mtu huyo ni hayati Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Aghalabu wanafunzi wangu humjua Bwana Msa, yule mpelelezi na kiko chake, bila kumjua aliyemzaa; wala hawajapata kugundua kwamba jina Msa linatokana na herufi za mwanzo za majina matatu ya mwandishi mwenyewe.

Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mnamo Aprili 1918. Hapa naomba msomaji anivumilie nitie neno la taaluma yangu. Usemi wa wenyeji wa Makunduchi si Kiunguja cha mjini. Ni lahaja yenye msamiati wake na vitenzi vinavyonyambulika kwa namna yake, na mgeni kutoka mjini akiwasikiliza wazee wa huko wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, mengi humpita. Kilichoteuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ni kile cha mjini. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Mwanafunzi Mkipsigis, ambaye lugha ya mama yake haitofautishi sauti p na b kwa namna Kiswahili kinavyozitofautisha, akishachekwa mara mbili tatu darasani huanza kuamini kwamba Kiswahili kizuri ni urithi wa watu wa pwani, mtu huzaliwa nacho au hukikosa. Kumbe hata visiwani kwenyewe wako watu ambao sanifu waliikuta darasani na ofisini, wakaisomea kama tunavyoisomea sisi.

Masomo yake ya sekondari aliyamaliza mwaka 1938, kisha akaajiriwa katika Idara ya Afya kama mkaguzi. Huyo ndiye mtu ambaye watu wetu humwita bwana afya. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi, na kwa maoni yangu miaka hiyo kumi ina thamani kubwa kwa mwenye kutaka kuzielewa riwaya zake kuliko shule aliyosoma. Bwana afya huingia nyumba za watu. Huchungulia kisima, hufunua mtungi, huangalia choo na jaa, huuliza maswali ambayo mwenyeji hapendi kuulizwa, na hujifunza upesi kwamba jibu la kwanza si lazima liwe la kweli. Huona pia tofauti baina ya sebule wanayokaribishwa wageni na ua wa nyuma ambao wageni hawafiki. Sidhani kwamba ni sadfa mtu huyu kuja kutuumbia mpelelezi.

Mwaka 1948 aliiacha kazi hiyo akaingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alisaidia pia kuhariri Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu, magazeti ya mji ambao siasa zake zilikuwa zikipamba moto. Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, naye akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 1968. Wakulima wetu wa chai na watabasamu wakisikia kwamba baba wa upelelezi katika Kiswahili alikula mshahara wake kwa kuwaandikia watu wa jembe.

Ofisi ya Maandishi ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa Nairobi, iliandaa shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958. Zawadi ya kwanza ilimwendea yeye, kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na riwaya hiyo ikachapishwa mwaka 1960. Kisa chake chajulikana: mtu mwenye mali akutwa ameuawa mahali pa mzimu, na hofu ya mahali penyewe yawafumba watu macho na vinywa. Bwana Msa hauvunji mzimu wala hawadhihaki wanaouogopa. Anachofanya ni kukataa kwamba hofu ni ushahidi. Hatua kwa hatua aonyesha kwamba aliyeua ni binadamu, mwenye sababu za kibinadamu, aliyeitumia imani ya majirani zake kama pazia.

Nikiwafundisha riwaya hii wanafunzi wa hapa huanza na neno Kapkoros. Wengi wao walijua neno hilo kwanza kama jina la kiwanda cha majani chai kule Bomet. Wachache ndio wanaokumbuka kutoka kwa babu zao kwamba kapkoros palikuwa mahali pa ibada na sadaka, pasipokanyagwa ovyo. Hapo tena sina haja ya kueleza mzimu ni nini. Najua vitu hivi viwili si kimoja, na mtaalamu wa mila atanikosoa. Lakini mwanafunzi akishapawaza mahali ambapo mtu huteremsha sauti anapopita, mlango wa riwaya umekwisha kufunguka.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo nadai alilitenda. Kabla yake nathari yetu ilikuwa na watu wake wakubwa. James Mbotela alikuwa amekwisha kuandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, na Shaaban Robert alikuwa ametupa Kusadikika mwaka 1951. Lakini nchi za Shaaban Robert ni za kufikirika, na watu wake husema kama wahubiri, kwa sentensi zilizopimwa kwenye mizani ya ushairi. Kwa Muhammed Said Abdulla watu wanakatizana maneno. Wanasitasita, wanadanganya, wanauliza swali kwa kujibu swali. Kiswahili kinatumika kujenga hoja: kwa kuwa hili ni hivi, na lile haliwezi kuwa vile, basi mtu fulani hakuwapo pale aliposema alikuwapo. Viunganishi tunavyowakaririsha wanafunzi katika somo la sarufi, ilhali, maadamu, ijapokuwa, kwake vina kazi ya kufanya. Ukikiondoa kimoja, mshukiwa anaponyoka. Wapo wanaosema kwamba alimwiga Conan Doyle. Kweli amekopa, na Najum, sahibu wa Bwana Msa, ana undugu na yule daktari wa Sherlock Holmes. Lakini Bwana Msa hafumbui fumbo kwa majivu ya sigara peke yake. Hulifumbua kwa kujua nani alimwoa nani, nani alimlea mtoto wa nani, na kwa nini salamu fulani haikuitikiwa.

Elimu hiyo ya nasaba ndiyo iliyozidi nguvu katika vitabu vilivyofuata: Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Ndani yake mauaji si lazima yawe ndiyo kiini. Mara nyingi kinachotafutwa ni ukweli wa uzazi uliofichwa kwa ajili ya heshima au mali.

Lipo la kumlaumu, nami sitalifunika. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliipindua jamii ile ile aliyokuwa akiiandika, naye alikuwapo. Lakini Unguja ya riwaya zake imebaki ile ya kabla, yenye mabwana, mashamba na sebule zao, kana kwamba saa ilisimama. Msomaji anayetaka kujua maumivu ya waliofanya kazi katika mashamba hayo hana budi kumwendea Shafi Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978. Wanafunzi wangu, ambao wengi wao wana wazazi wachuma chai, huuliza swali hili kabla sijalitaja: wako wapi wachuma karafuu? Ni swali la haki, na wanaliuliza kwa sababu mwandishi mwenyewe amewazoesha kutoridhika na jibu la kwanza.

Mwaka 1984 alitoa Kosa la Bwana Msa. Baada ya kumwonyesha mpelelezi wake miaka mingi kama mtu asiyeteleza, alilitia kosa lake katika jina la kitabu, pale juu ya jalada ambapo kila mnunuzi angeliona. Muhammed Said Abdulla alifariki dunia mwaka 1991.