John Hurt wa Avalon: Mpiga Gitaa Aliyefuatwa kwa Wimbo Wake

Katika historia ya bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi uliostawi katika majimbo ya Kusini baada ya kukomeshwa kwa utumwa, ni wasanii wachache ambao maisha yao yamepotoshwa kwa nia njema kama yalivyopotoshwa maisha ya John Hurt. Aghalabu husimuliwa mithili ya ngano: mzee alipotea, vijana wakamgundua, ulimwengu ukafurahi. Hata hivyo, Hurt hakupata kupotea. Kwa takriban miaka 35 aliishi na kulima palepale alipokulia, na majirani zake walimjua vyema. Kilichopotea ni haja ya kampuni za santuri kumtafuta.

Hurt alizaliwa Teoc, katika wilaya ya Carroll, jimbo la Mississippi, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Alikulia Avalon, kijiji kidogo kilichoko pale ambapo vilima vinakomea na nyanda za pamba za Delta zinaanzia. Gitaa alianza kujifunza akiwa na umri wa miaka 9 hivi, bila mwalimu. Riziki yake ilitokana na ardhi ya watu wengine: alikuwa mkulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba, mfumo uliowafunga maelfu ya Weusi katika madeni yasiyokwisha. Kwa kipindi kifupi alifanya kazi ya reli, na huko ndiko alikojifunza kwa mfanyakazi mwenzake wimbo wa mpiga nyundo John Henry, ambao baadaye aliurekodi kwa jina la “Spike Driver Blues”.

Upigaji wake unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwani hapo ndipo ulipo upekee wake. Kidole gumba kilizipiga nyuzi nene kwa zamu, bila kusita, kikishika mapigo kama mguu wa mtu anayetembea. Vidole viwili vingine viliusuka wimbo wenyewe juu ya nyuzi nyembamba, mara nyingi vikitangulia au kuchelewa kidogo kuliko gumba. Kwa hiyo gitaa moja lilisikika kama mawili. Sauti yake ilikuwa laini, karibu na ya mazungumzo, tofauti kabisa na ngurumo za wenzake wa Delta kama Charley Patton na Son House. Msikilizaji wa Afrika ya Mashariki na Kati hataona ugeni katika mtindo huu, kwani Mwenda Jean Bosco, mwimbaji wa Kiswahili kutoka Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, naye alilitendea gitaa moja kana kwamba lilikuwa zaidi ya moja. Si lazima kudhani kwamba mmoja aliathiriwa na mwingine. Kila mmoja alitatua kwa vidole vyake tatizo la mpigaji asiye na bendi.

Hurt alipiga katika dansi za kijijini, za Weusi na za Wazungu pia. Mara kwa mara alishirikiana na Willie Narmour, mpiga fidla Mzungu wa huko huko. Narmour alipopata nafasi ya kurekodi na kampuni ya Okeh, alimtajia jirani yake kwa msimamizi Tommy Rockwell. Februari 1928 Hurt alirekodi mjini Memphis, na Desemba mwaka huohuo aliitwa New York. Kampuni ndiyo iliyobandika neno “Mississippi” mbele ya jina lake ili kuvutia wanunuzi. Nyimbo 13 za mwaka huo ndizo zilizosalia, zikiwamo “Frankie”, “Stack O’Lee” na “Louis Collins”.

Santuri hazikuuzwa sana. Kampuni za wakati huo ziligawa muziki wa Kusini katika makundi mawili, mmoja wa Weusi na mwingine wa Wazungu wa vijijini, ilhali mkoba wa Hurt ulijaa tenzi za kisa, nyimbo za kanisani, nyimbo za dansi na bluzi, vyote vikipigwa kwa utulivu uleule. Mgawanyo huo ulifuata rangi ya mwimbaji kuliko sauti ya muziki, na muziki aliopiga pamoja na Narmour haukuwa na mahali humo. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa 1929. Hurt alirudi kwenye jembe.

Mwaka 1952 Harry Smith alizitia “Frankie” na “Spike Driver Blues” katika mkusanyo wake wa muziki wa jadi wa Marekani, uliotolewa na Folkways. Vijana wa mijini walizisikiliza wakidhani mwimbaji amekwisha kufa. Lakini katika wimbo mwingine, “Avalon Blues”, uliorekodiwa New York, Hurt alikuwa amekikumbuka kijiji chake na kukitaja kwa jina. Kijiji hicho kilitafutwa katika atlasi, na mwaka 1963 Tom Hoskins akaenda huko kwa gari. Alimkuta Hurt akichunga ng’ombe, akiwa hana hata gitaa. Hurt alimshuku kuwa mpelelezi wa serikali. Katika Mississippi ya mwaka ule, Mzungu mgeni mlangoni pa Mweusi hakuwa habari njema.

Julai mwaka huohuo alipiga katika tamasha la Newport na kurekodiwa kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Alihamia Washington, akawa akipiga katika mkahawa wa Ontario Place, na kampuni ya Vanguard ikatoa santuri yake “Today!” mwaka 1966. Vidole havikuwa vimesahau kitu. Wapo waliomfanya babu mpole wa kuwafariji Wazungu. Lakini nyimbo zake nyingi ni za mauaji, usaliti na kazi inayoua, na upole wa sauti hauyapunguzi hayo.

Kabla ya kufariki alikuwa amekwisha kurejea Mississippi, akakaa Grenada. Huko ndiko alikofia tarehe 2 Novemba 1966, na akazikwa karibu na Avalon. Nyumba yake ndogo ya mbao iligeuzwa makumbusho, ikadumu hivyo hadi ilipoteketea kwa moto mwaka 2024.