Santuri ndogo iliyomkimbiza Franco ng'ambo ya mto

Ukiingia Soko la Kenyatta jijini Nairobi, ukapita moshi wa nyama choma na akina dada wanaosuka nywele, utakuta kibanda kilichojaa santuri. Usikimbilie zile kubwa zenye picha za kuvutia. Omba uonyeshwe zile ndogo za inchi 7, zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Chambua polepole, maana vumbi ni jingi na majina ni mengi. Haitachukua muda kabla hujakutana na O.K. Jazz, na karibu na jina hilo, Franco.

Najua unachofikiria. Hizo ni ngoma za wazee, za Jumapili jioni, mzee ameshika glasi na amefumba macho. Sawa. Lakini huyu jamaa aliyewafumbisha wazee wako macho aliwahi kutoa santuri ambayo serikali iliikusanya mitaani isisikike tena. Na miaka michache baadaye, serikali hiyo hiyo ilimkabidhi kiwanda cha kuchapisha santuri. Kisa hicho hukipati kwenye orodha ya nyimbo za simu. Unakipata ukianza kuzipanga santuri zake kwa miaka.

Tuanze mbali kidogo. François Luambo Makiadi alizaliwa Julai 6, 1938 huko Sona Bata, nchi ikiwa bado Kongo ya Ubelgiji. Baba yake alifanya kazi ya reli, akafariki mtoto akiwa bado mdogo. Mama alibaki kulea familia kwa kuuza mandazi sokoni Léopoldville, jiji ambalo leo ni Kinshasa. Shule haikwenda mbali. Kijana alijitengenezea gitaa la mkebe, nyuzi zake zikiwa nyaya za umeme alizozichuna, akawa anapiga karibu na meza ya mama. Watu walisimama kusikiliza, na aliyesimama aliona haya kuondoka bila kununua andazi. Kwa hivyo biashara ya muziki aliijua kabla hajaiona studio.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 15 tu, alichukuliwa na Loningisa, studio iliyomilikiwa na wafanyabiashara Wagiriki. Ni hapo ambapo mpiga gitaa Henri Bowane alimpachika jina Franco. Enzi hizo santuri zilikuwa zile nzito za 78, ambazo zikikuponyoka zinapasuka vipande kama sahani ya udongo. Ukiona moja yenye lebo ya Loningisa leo, ishike kwa mikono miwili. Juni 6, 1956, yeye na wenzake walianzisha bendi, na jina wakalitoa kwenye O.K. Bar walikokuwa wakipiga. Miaka miwili baadaye alifungwa kwa makosa ya barabarani. Alipotoka, mashabiki walimpokea kama shujaa. Hebu fikiria, umeachiliwa jela kwa kesi ya trafiki na mtaa mzima unakuimbia!

Sasa hapa ndipo santuri ndogo inapoanza kusema. Upande mmoja haubebi zaidi ya dakika tano hivi. Lakini ukumbini, ngoma ya O.K. Jazz ingeweza kwenda hadi miguu ikuume. Wafanyeje? Waliikata katikati. Upande wa kwanza unapata kisa: mume mkorofi, mke mwenza, rafiki mnafiki. Sauti inafifia unapoanza kunogewa. Unainuka, unageuza, unarudisha sindano, na upande wa pili unakuta magitaa yameachiliwa, ile sehemu Wakongo wanaiita sebene. Ukisikiliza wimbo uliounganishwa kwenye simu, hutajua kwamba pengo hilo liliwahi kuwepo. Babu zako walilijua. Mtu alikuwa anaachwa peke yake katikati ya sakafu, mkono bado kiunoni mwa mwenzake, akingoja santuri igeuzwe.

Zilifika hapa kwetu pia. Nairobi ilikuwa na viwanda vyake vya kuchapisha santuri, na lebo ya ASL ilizitoa nyingi za O.K. Jazz. Wengi walionunua hawakujua Lingala hata neno. Hiyo haikuwazuia kucheza.

Tufike 1966. Mobutu alikuwa ametwaa madaraka Novemba ya mwaka uliotangulia. Juni 2, 1966, wanasiasa wanne, akiwemo aliyekuwa waziri mkuu Évariste Kimba, walinyongwa hadharani Kinshasa wakituhumiwa kupanga mapinduzi. Maelfu walikusanyika kutazama. Baada ya siku kama hiyo, ungetarajia wanamuziki waimbe mapenzi na kunyamaza kabisa kuhusu mengine.

Franco alitoa 'Luvumbu Ndoki'. Ndoki kwa Kikongo ni mchawi. Alitumia wimbo wa jadi wa watu wake, unaomhusu mchawi anayewamaliza walio wake. Hakumtaja Mobutu wala kusema neno kuhusu kitanzi. Lakini Kinshasa yote ilijua mchawi ni nani, na wakubwa pia walijua. Santuri iliondolewa madukani, Franco akaitwa kuhojiwa, kisha akavuka mto Kongo hadi Brazzaville akakaa huko hadi mambo yapoe. Mto huo ndio mpaka. Akiwa ng'ambo, taa za jiji lake alikuwa akiziona usiku.

Natamani ningekwambia kwamba tangu siku hiyo alikuwa mpinzani. Hakuwa. Alirudi nyumbani, akapiga muziki, na Mobutu alipoanza siasa yake ya kurudi kwenye majina na mila za Kiafrika, Franco alikuwa kwenye msafara. Serikali ilipowanyang'anya wageni biashara zao kuanzia mwisho wa 1973, Franco akapewa usimamizi wa Mazadis, kiwanda kikubwa cha santuri nchini. Yaani mtu ambaye santuri yake ilifutwa sasa ndiye anayeamua ya nani itachapishwa na ya nani itangoje foleni. Wenzake walinung'unika, na usiwashangae.

Hata hivyo hakufugika kabisa. Mwaka 1978 zilisambaa kaseti zenye nyimbo mbili chafu, 'Hélène' na 'Jacky', chafu kiasi kwamba gazeti hili haliwezi kukueleza zilisema nini. Inasimuliwa kwamba Franco alipokana kuwa ni matusi, mwendesha mashtaka mkuu, Kengo wa Dondo, alimwita mama yake mzazi, yule yule muuza mandazi, aje azisikilize. Jaribu kukaa kwenye kiti hicho. Franco alifungwa, ingawa hakumaliza kifungo. Baadaye alitoa 'Tailleur', wimbo kuhusu fundi cherehani aliyenyang'anywa sindano, na wasikilizaji wakasema fundi huyo ni Kengo, aliyekuwa ameondolewa kwenye cheo. Kisha 1984 akageuka tena, akarekodi santuri nzima ya kumpigia Mobutu kampeni, katika uchaguzi ambao mgombea alikuwa mmoja.

Mimi nimeshindwa kuamua kama alikuwa mwoga au mjanja. Alikuwa na bendi ya makumi ya watu waliokula kupitia kwake, na aliishi chini ya mtawala ambaye alishaonyesha hadharani anachoweza kufanya. Hilo linaeleza mengi, si yote.

Kufikia wakati huo santuri ndogo ilikuwa inakufa. Nyimbo zilirefuka, zikahitaji sahani kubwa. 'Mario' ya 1985, kuhusu kijana mwenye digrii anayelelewa na mama mwenye pesa (leo mngemwita Ben 10), ilipigwa kila kona ya Afrika Mashariki. Mwaka 1987 alitoa 'Attention na SIDA', robo saa na zaidi ya kuonya watu kuhusu ukimwi, wakati viongozi wengi wa Afrika walikuwa hawataki hata kulitaja jina la ugonjwa huo. Yeye mwenyewe alianza kukonda. Watu walisema waliyosema. Yeye hakuwahi kukubali. Alifariki Oktoba 12, 1989 huko Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Mobutu alitangaza siku nne za maombolezo ya taifa, na redio ya Zaire ikapiga Franco tu, mchana na usiku.

Basi ukirudi kwenye kile kibanda, beba pesa taslimu na subira. Inua kila santuri kwenye mwanga uangalie mikwaruzo, na uombe ichezwe pande zote mbili kabla hujalipa, kwa sababu wachuuzi wengi hukuchezea ule mzima tu. Tafuta Loningisa, Epanza Makita na ASL. Nyingi zina majina ya wenyewe yaliyoandikwa kwa kalamu juu ya lebo, mtu aliyeogopa isiibwe kwenye sherehe. Usiyafute.

Na ikitokea jina unaloliona ni 'Luvumbu Ndoki', usiulize bei mara ya pili.