Jonathan Mann

Jonathan Max Mann (30 Julai 1947 – 2 Septemba 1998) alikuwa daktari na mtafiti wa magonjwa ya mlipuko kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kama kiongozi wa kwanza wa mpango wa dunia wa kupambana na UKIMWI katika Shirika la Afya Duniani (WHO). Alishikilia kwamba virusi vya UKIMWI (VVU) haviwezi kuzuiwa mahali ambapo wenye virusi hivyo wanafukuzwa, wanafungiwa au wananyimwa haki zao.

Maisha ya awali

Mann alizaliwa mjini Boston. Alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Harvard, akakaa Paris kwa muda akisomea siasa, kisha akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, alikohitimu mwaka 1974. Mwaka uliofuata aliajiriwa na CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, akapangiwa kazi katika jimbo la New Mexico. Huko alichunguza, pamoja na mambo mengine, tauni, ambayo katika jimbo hilo bado huenezwa na viroboto wa wanyama wa porini. Alibaki New Mexico hadi mwaka 1984. Mke wake wa kwanza alikuwa Mfaransa, na walizaa watoto watatu. Mann mwenyewe alizungumza Kifaransa vizuri, jambo lililomfaa sana katika kazi iliyofuata.

Utafiti mjini Kinshasa

Mwaka 1983 kikundi cha watafiti kutoka Marekani na Ubelgiji, akiwemo Peter Piot, kilifika Kinshasa, mji mkuu wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo). Katika wiki 3 tu walitambua wagonjwa 38 wa UKIMWI, na wanawake walikuwa karibu sawa na wanaume. Kwa Dk. Bila Kapita wa Hospitali ya Mama Yemo hiyo haikuwa habari ya kushangaza, maana alikuwa amepokea wagonjwa waliokonda bila sababu inayojulikana tangu miaka ya 1970. Lakini huko Ulaya na Marekani watu wengi waliamini bado kwamba ugonjwa huo unawahusu wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao na watu wanaojidunga dawa za kulevya.

Mwaka 1984 Mann alitumwa Kinshasa kuanzisha utafiti wa kudumu. Uliitwa Projet SIDA, SIDA likiwa ndilo jina la UKIMWI kwa Kifaransa. Ulishirikisha wizara ya afya ya Zaire, taasisi za Marekani na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, na ukawa utafiti mkubwa kuliko yote ya UKIMWI barani Afrika wakati huo.

Matokeo yake ni kati ya mambo ambayo siku hizi hufundishwa shuleni kana kwamba yalijulikana tangu mwanzo. Mann na wenzake walipima watu walioishi nyumba moja na wagonjwa, waliokula na kulala nao chini ya paa moja. Ukiacha wenzi wa ndoa, hawakuwa na maambukizi zaidi ya watu wa nyumba nyingine. Walipima pia wafanyakazi zaidi ya 2,000 wa Hospitali ya Mama Yemo, wakaona kwamba waliowahudumia wagonjwa kwa karibu hawakuambukizwa zaidi ya makarani na wafanyakazi wengine. Kuhusu mbu, hoja yao ilikuwa rahisi: mbu huuma watu wa umri wote, lakini watoto wakubwa ambao hawajafikia umri wa kujamiiana walikuwa karibu hawana virusi. Walioambukizwa walikuwa zaidi watu wazima na watoto wachanga. Uchunguzi mwingine ulionyesha hatari ya sindano na ya kuongezewa damu kwa watoto wadogo.

Maana yake ilikuwa kubwa nje ya maabara. Kama ugonjwa hauambukizi kwa sahani, kikombe, mkono au kitanda cha mgonjwa, basi hakuna sababu ya kitabibu ya kumtenga. Msimamo wote wa baadaye wa Mann ulijengwa juu ya takwimu hizo, na ndiyo maana si sawa kumtaja kama mwanaharakati tu.

Mradi uliendelea chini ya viongozi wengine hadi mwaka 1991, ulipokwama kutokana na ghasia na uporaji mjini Kinshasa.

Geneva

Mwaka 1986 Mann alihamia makao makuu ya WHO huko Geneva, akaanza akiwa na katibu muhtasi mmoja. Mkurugenzi mkuu, Halfdan Mahler, mwanzoni hakuupa UKIMWI uzito, lakini alibadili mawazo na kumuunga mkono Mann kikamilifu. Katika miaka minne mpango huo ulikua kuwa mkubwa kuliko mipango yote ya shirika, wenye wafanyakazi zaidi ya 200.

Katika miaka hiyo serikali nyingi za Afrika zilichukulia habari za UKIMWI kama tusi kutoka nje. Uganda ilikuwa tofauti: mwaka 1986 waziri wake wa afya, Ruhakana Rugunda, alikiri hadharani mbele ya mkutano wa WHO kwamba ugonjwa uko nchini mwake, na Uganda ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuunda mpango wa taifa kwa msaada wa ofisi ya Mann. Nchi nyingine nyingi zilifuata.

Oktoba 1987 Mann alihutubia Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Alieleza kwamba kuna milipuko mitatu: wa virusi, unaoenea kimya, wa ugonjwa wenyewe, unaokuja miaka kadhaa baadaye, na wa tatu, woga na ubaguzi wa jamii, ambao alisema ni sehemu ya tatizo sawasawa na virusi. Siku ya UKIMWI Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Desemba 1988 chini ya mpango wake. Mwaka huohuo mkutano wa nchi wanachama wa WHO ulipitisha azimio la kupinga ubaguzi dhidi ya wenye VVU.

Mahler alistaafu mwaka 1988, nafasi yake ikachukuliwa na Hiroshi Nakajima. Mkurugenzi huyo mpya aliona kwamba UKIMWI unapewa fedha na umaarufu kupita kiasi wakati malaria na magonjwa mengine yanaua mamilioni. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, lakini ugomvi uligeuka kuwa pia wa madaraka, na uhuru wa Mann ulizidi kubanwa. Machi 1990 alijiuzulu.

Harvard na haki za binadamu

Alirudi Harvard kama profesa. Mkutano wa kimataifa wa UKIMWI wa mwaka 1992, ambao yeye alikuwa mwenyekiti wake, ulipangwa kufanyika Boston, lakini ulihamishiwa Amsterdam kwa sababu Marekani ilikataza wageni wenye VVU kuingia nchini. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2010 tu.

Mwaka 1993 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha afya na haki za binadamu kilichopewa jina la François-Xavier Bagnoud, rubani kijana wa helikopta aliyefariki nchini Mali mwaka 1986. Mwaka uliofuata alianzisha jarida juu ya mada hiyohiyo.

Mfano mmoja alioutumia ulitoka Afrika Mashariki. Wanawake walioolewa, waaminifu kwa waume zao, walikuwa wakiambukizwa. Walijua habari za UKIMWI, na kondomu zilikuwepo sokoni. Walichokosa ni uwezo wa kumkatalia mume, kwa kuwa kukataa kungeleta kipigo au talaka, na talaka ingewaacha bila mali wala heshima. Kwa Mann, sheria za ndoa na mirathi zilikuwa kinga dhidi ya VVU kama kondomu. Baadhi ya wataalamu walimlaumu kwa kuichanganya tiba na siasa.

Mapema mwaka 1998 alihamia Philadelphia kuongoza shule ya afya ya umma. Mwaka huo aliilaumu hadharani taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Marekani kwa kuchelewesha majaribio ya chanjo ya UKIMWI.

Kifo

Tarehe 2 Septemba 1998 Mann alipanda ndege ya Swissair namba 111 kutoka New York kwenda Geneva, pamoja na mke wake wa pili, Mary Lou Clements-Mann, mtafiti wa chanjo katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Moto ulizuka ndani ya ndege, ikaanguka baharini karibu na pwani ya Nova Scotia, Kanada. Watu wote 229 waliokuwemo walifariki.

Tangu mwaka 1999 tuzo yenye jina la Jonathan Mann ilitolewa kwa watetezi wa afya na haki za binadamu. Wa kwanza kuipokea alikuwa Cynthia Maung, daktari anayewatibu wakimbizi wa Burma mpakani mwa Thailand.