Ferdinand Adolph Lange, fundi wa saa wa Glashütte

Ferdinand Adolph Lange alizaliwa Dresden, katika Ufalme wa Saksonia, tarehe 18 Februari 1815, mwana wa fundi wa bunduki. Akiwa na miaka 15 aliingia kujifunza kazi kwa Gutkaes, fundi wa saa wa mfalme. Mwaka 1837 akaenda Paris kufanya kazi kwa Winnerl, bingwa wa saa za mabaharia. Aliporudi alimwoa Antonia, binti wa Gutkaes.

Angeweza kubaki Dresden na kuishi vizuri. Lakini huko juu katika milima ya Erzgebirge, mji mdogo wa Glashütte ulikuwa umeingia umaskini: madini ya fedha yaliyoulisha yalikuwa yamekwisha. Lange aliiandikia serikali mara nyingi akiomba mkopo wa kuwafundisha vijana wa huko. Tarehe 7 Desemba 1845 alianza na wanafunzi 15.

Jambo linalotuhusu sisi watu wa lugha ni hili. Wakati ule mafundi wa saa walitumia kipimo cha zamani cha Kifaransa, kilichogawa inchi katika sehemu 12. Lange aliamua kutumia milimita, miaka mingi kabla ya Ujerumani kuifanya kipimo rasmi mwaka 1872. Kwa msamiati huo mmoja, fundi huyu alikata parafujo, yule magurudumu, kila mtu kwake, na vyote vikaingiana.

Mwaka 1864 alikamilisha bamba moja linalofunika robo tatu ya mashine, badala ya vipande vingi vidogo, ili magurudumu yasitikisike. Alikuwa meya wa mji tangu 1848 hadi 1866, akafariki tarehe 3 Desemba 1875.

Yeye alitengeneza saa za mfukoni. Za mkononi zilikuja baadaye. Wapenzi wa saa za Glashütte leo husifu uso wake usio na mapambo na mishale yake myembamba, kisha huigeuza na kulitafuta bamba lile. Kiwanda kilitaifishwa mwaka 1948. Kitukuu chake, Walter Lange, alipokifufua mwaka 1990, ufundi ulikuwa bado mikononi mwa watu wa mji.

Mimi ni mtu wa Minembwe, milimani, katika Fizi. Chini yetu, Misisi, vijana wanachimba dhahabu, nayo inaondoka ikiwa bado dhahabu tu. Katika saa ya Lange ya dhahabu, dhahabu yenyewe ni sehemu ndogo ya bei. Sehemu kubwa ni kazi ya watu waliofundishwa. Glashütte walianza kufundisha baada ya mgodi kuisha. Sisi mgodi wetu haujaisha, na tunaweza kuanza mapema kuliko wao.