Sakichi Toyoda: fundi wa mashini za nguo aliyeweka msingi wa Toyota

Watu wa Goma, Bukavu na Bunia wanajua jina la Toyota kwa sababu ya motokari. Lakini Sakichi Toyoda, mwenye jina hilo, alikuwa fundi wa mashini za kufuma nguo.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1867 katika inchi ya Japani, kwenye kijiji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Kosai. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake alifuma nguo nyumbani. Mwaka 1891 Sakichi alipata hati ya uvumbuzi kwa mashini ya mbao ya kuendesha kwa mkono, iliyoongeza kazi ya mfumaji karibu nusu. Mwaka 1896 akatoa nyingine ya kuendeshwa kwa mvuke.

Matajiri wakavutiwa, na mwaka 1907 kampuni ikaundwa kwa jina lake. Biashara ilipoyumba, wakubwa wa kampuni waliona majaribio yake yanavuruga kazi, na mwaka 1910 alilazimika kujiuzulu. Mtu anafukuzwa penye jina lake mwenyewe!

Alizunguka Marekani na Ulaya, kisha mwaka 1911 akajenga kiwanda chake huko Nagoya. Hapo alipanga mambo kwa akili: nguo zilizouzwa zililipa garama za utafiti, na mashini zilipimwa katika kazi ya kila siku. Lakini nyuzi za kununua zilikatika ovyo, asijue kama kosa ni la mashini ama la uzi. Mwaka 1914 akaanza kusokota nyuzi zake.

Mwaka 1924, pamoja na mtoto wake Kiichiro, alikamilisha mashini iliyoongeza uzi bila kusimama, na iliyojisimamisha yenyewe uzi ukikatika. Mfanyakazi hakuhitaji tena kukodolea macho kila mashini. Mmoja aliweza kusimamia 30 na zaidi. Mwaka 1929 Platt Brothers ya Uingereza, kampuni kubwa iliyouzia dunia mashini za nguo, ilikubali kulipa pauni 100,000 ili ipate haki ya kuitengeneza.

Sakichi alifariki tarehe 30 Oktoba 1930. Miaka mitatu baadaye Kiichiro alifungua idara ya motokari ndani ya kiwanda hichohicho cha mashini za kufuma. Mwaka 1937 idara hiyo ikawa kampuni ya kujitegemea: Toyota.