Edward Saidi Tingatinga: Kibarua wa mkonge ambaye jina lake limezunguka dunia

Ukitaja tingatinga huku vijijini, wengi wanafikiria ule mtambo wa kuchonga barabara. Lakini Tingatinga lilikuwa pia jina la mtu, na leo ni jina la picha zinazotundikwa ukutani Japani, Denmark na Uswisi. Wasikilizaji wetu wa Korogwe na Handeni tunawaletea habari zake kwa sababu kabla ya kushika brashi, mtu huyo alifanya kazi ya mkonge katika mkoa huu wetu wa Tanga.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo, ndiyo maana alikuwa na jina la Edward na la Saidi. Shule alisoma madarasa machache tu.

Katika miaka ya 1950 alifanya kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule: aliondoka kwao kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Wenyeji wa Ngombezi, Magunga, Hale na Mazinde wanayajua maisha hayo, maana wengi ni watoto na wajukuu wa vibarua waliokuja kutoka mbali. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu alijulikana kwa namba yake. Kazi ilikuwa kukata majani yenye miiba, kuyafunga mafungu na kuyapeleka kwenye mtambo wa kusindika, ule unaoitwa korona. Mkonge ulikuwa utajiri mkubwa wa nchi, lakini mkataji hakuuona utajiri huo.

Mwaka 1959 Tingatinga alihamia Dar es Salaam, ambako ndugu yake alikuwa mpishi wa afisa mmoja wa Kiingereza. Naye akapata kazi za nyumbani na za bustani. Baada ya uhuru mwaka 1961 mwajiri aliondoka, na kazi ikaisha. Tingatinga akawa mtu wa kubangaiza: mara kibarua wa ujenzi, mara muuza matunda na mboga.

Ilipofika mwaka 1968 hivi alianza kuchora. Hakuwa na mwalimu wala fedha za kununua vifaa vya wasanii, hivyo alitumia vilivyouzwa madukani. Alinunua hadibodi, ule ubao mwembamba unaotumika kuzibia dari, akaukata vipande vya mraba vya futi mbili kwa mbili. Rangi yake ilikuwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa ya kupakia baiskeli. Alichora tembo, chui, ndege na mibuyu, mara nyingi mnyama mmoja aliyejaza ubao mzima. Mkewe, Agatha Mataka, alikuwa akiziuza picha hizo nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipofika wageni wengi. Zikapendwa.

Kazi ilipozidi, Tingatinga hakuficha ujuzi wake. Aliwaita vijana wa ukoo wake na wa kwao kusini, akawafundisha kwa kukaa nao na kuchora nao. Kati yao walikuwapo Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde. Wakati huo alipata pia ajira katika hospitali ya Muhimbili, lakini aliendelea kuchora.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Alikufa akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Hapo jambo lote lingeweza kuishia. Mafundi wengi hufa, na ujuzi wao ukazikwa pamoja nao. Wanafunzi wake walifanya jambo jingine: walibaki pamoja palepale Oysterbay, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 kundi lao likageuka kuwa chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Chama hicho kinaendeshwa na wachoraji wenyewe. Wanachora bega kwa bega na kuuza mahali pamoja.

Kuwa na chama kulifungua milango ambayo mchoraji mmoja mwenye ubao wake kwapani asingeifungua kwa urahisi. Mtu wa nje anayetaka kuandaa maonyesho anahitaji mahali pa kuandika barua, mtu wa kukubaliana naye, na picha za kutosha kujaza ukumbi. Kwa njia hiyo picha zilisafiri kwenda Ulaya na Japani, na wachoraji nao wakaalikwa kuonyesha jinsi wanavyofanya kazi. Wageni pia huja Oysterbay, wakaketi chini na kujifunza kushika brashi. Hivyo ndivyo maonyesho ya kubadilishana yanavyokuwa: unatoa ulichonacho, nawe unaona cha mwenzako.

Matatizo nayo yamekuwapo. Si wachoraji wote walikubali kukaa ndani ya chama kimoja, wengine walijitenga na kuuza kwingine. Jina la Tingatinga limetumiwa na watu wengi, hata wasiomjua, na picha za kughushi zenye sahihi yake zimeuzwa kwa wageni. Mwenyewe hakuishi kuona hata senti ya biashara hiyo kubwa.

Kwa hiyo anayefinyanga vyungu Handeni au kusuka mikeka Korogwe ana la kuchukua katika maisha haya. Ujuzi uliofundishwa kwa wengine haufi na mwenyewe. Na kundi linalotaka kazi zake zifike mbali lipatane mapema juu ya jina, sahihi na mgawo wa mapato, wakati mwenye ujuzi bado yu hai na anaweza kusema lake.